Sanduku la Chinsaga

Kama wewe ni mwenyeji wa Nyamira utakubaliana nami kwamba kwetu hakuna takataka. Maganda ya ndizi ni chakula cha ng'ombe. Kinyesi cha ng'ombe ni mbolea. Magunzi ya mahindi huwasha moto, na jivu la moto huo hurudi shambani. Hata mabanzi, yale mabaki ya mbao yanayoanguka chini ya meza ya seremala, huwa yana mwenyewe kabla hayajafika sakafuni. Kwa hivyo nikikueleza kwamba nilitengeneza sanduku la kupandia mboga kwa mabaki ya mbao, usidhani niliyaokota barabarani. Niliyapigania.

Nianze na ardhi, kwa maana hiyo ndiyo mzizi wa fitina. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti yetu. Hao ni zaidi ya watu 600 katika kila kilomita moja ya mraba, na katika kilomita hiyo hiyo kuna chai, migomba, mikaratusi, shule, makanisa na makaburi, vyote vinagombea mlima mmoja. Babu yangu, Mungu amlaze pema, aliacha ekari tatu na wana watano. Wewe uliye hodari wa hisabati gawanya mwenyewe: kila mwana alipata nusu ekari na ushei.

Nyanya alikuwa na kishamba chake cha mboga nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa zizi la ng'ombe zamani za babu. Mipaka ilipopimwa, kishamba hicho kiliangukia upande wa baba mdogo. Baba mdogo akapanda chai. Simlaumu. Ana watoto wanne shuleni, na chai huleta bonasi kila mwaka ilhali chinsaga haileti bonasi. Nyanya akaachiwa kipande kingine kule chini karibu na mto. Lakini magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, na mteremko wetu unaujua: kuteremka ni rahisi, kupanda ni kilio. Kipande kile kikaota magugu. Mwanamke aliyegawia majirani chinsaga kwa miaka arubaini akawa sasa anatuma mtoto sokoni kununua fungu la sukumawiki.

Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, na akaacha kwenda kunywa chai nyumbani kwa baba mdogo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa walimu wetu na wenzetu wasiotoka Gusii, chinsaga ndiyo mgagani kwa Kiswahili. Ni mboga chungu kiasi. Kwetu hupikwa kwa maziwa, na ikilala chunguni ikapashwa moto siku ya pili, ladha yake huzidi. Mama aliyejifungua hupelekewa mboga hii ili apate nguvu na damu. Zamani watu waliosoma waliidharau, wakaiita gugu na mboga ya maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuchunguza mboga zetu za asili kama mgagani, mnavu na kunde, akaonyesha jinsi zilivyo na lishe bora, na mwaka wa 2010 Umoja wa Afrika ukamtunuku tuzo yake ya sayansi iitwayo Kwame Nkrumah. Nilipomsomea nyanya habari hizo alisema, "Huyo mama angekuja kuniuliza ningemwambia bure."

Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa kilimo alitufundisha kwamba mtu asiye na shamba anaweza kupanda mboga katika gunia, katika mkebe au katika sanduku. Niliwaza juu ya gunia, nikaliacha. Gunia hukaa chini, na chini ndiko nyanya asikoweza kufika. Nilitaka kitu ambacho angekifikia akiwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, bila kuinama wala kupiga magoti. Jioni moja nikapima. Kutoka ardhini hadi mahali mikono yake inapofanya kazi bila taabu akiwa ameketi ni sentimita 70. Hicho ndicho kikawa kipimo cha kwanza.

Jumamosi iliyofuata nilishika njia hadi soko la Kebirigo kwa fundi mmoja wa mbao. Mlango wake ulikuwa umejaa mabanzi ya sipresi na mkaratusi.

"Habari yako, fundi? Naomba haya mabanzi."

"Unaomba ama unanunua?"

"Naomba."

"Haya ni ya mama wa hoteli. Yeye ananipatia chai na mandazi kila asubuhi. Sasa wewe utanipatia nini?"

Mfukoni nilikuwa na shilingi hamsini za misumari, basi. Nikamwambia nitamfagilia karakana na kumshikia mbao akipasua, Jumamosi mbili nzima. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akanipa ufagio.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Katika zile Jumamosi mbili nilijifunza mengi kuliko nilivyofagia. Fundi alinieleza kwamba yeye alianzia useremala darasani, katika siku ambazo mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikuwa ukifundisha ufundi hadi katika shule za msingi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kigoda. "Nyinyi siku hizi mnasoma nini?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba nasoma kemia. Alicheka mpaka akaweka msumeno chini.

Lakini kemia ilikuja kutufaa sote wawili. Katika ule mrundo mlikuwa na vipande vya nguzo vyenye rangi ya kijanikijani, vizito na vigumu, vya kutamanisha kweli kweli. Fundi akaniambia niviache, kwa sababu vimetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nilimuuliza mwalimu wa kemia. Akanifafanulia kwamba dawa inayotumiwa sana kwa nguzo za namna hiyo ina shaba, kromu na arseniki, na arseniki ni sumu. Haifai kukaa pamoja na udongo wa chakula, na hata kuni zake si za kuchoma, kwa maana moshi na jivu lake vina sumu ile ile. Nilipompelekea fundi habari hizo aliviondoa vipande vyote kwenye rundo la mama wa hoteli. Tangu siku hiyo hajacheka kemia.

Pia kulikuwa na mbao za paleti, zile trei kubwa zinazobebea mizigo kwenye malori. Hizo husomwa kabla ya kutumiwa. Zikiwa na mhuri wa herufi HT, maana yake zilipashwa joto, na hazina neno. Zikiwa na MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya kuua wadudu, ziache. Na yale mazoea yetu ya kupaka mbao oili chafu ya gari ili mchwa wasile, tafadhali yaishie kwenye ua. Kwenye mboga, hapana.

Mzigo wangu wa kwanza ulipofika nyumbani, mama alimshukuru Mungu kwamba kuni zimekuja. Nikamweleza ni za nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya yanapika ugali siku nne." Wala hakusema uongo. Sisi hatuna gesi, na kuni kwetu hununuliwa. Sanduku langu lilikuwa linatoa moto jikoni kwa mama ili lipeleke mboga mlangoni kwa nyanya. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba jambo jema lina bei yake, na si lazima anayelipa awe ndiye aliyelianzisha.

Tukaafikiana hivi: nitamletea mama mzigo wa kuni ulio sawa na ule wa mabanzi. Bahati nzuri jirani alikuwa akipogoa chai yake. Chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na ingawa wataalamu hushauri matawi yaachwe shambani yaoze yawe mbolea, wengi wetu tunayachukua kuni. Nikabeba matawi hayo jioni tatu mfululizo baada ya shule. Wenzangu wa shule za bweni husema sisi wa kutwa tunastarehe nyumbani. Waje wajionee.

Sasa nikueleze jinsi ya kulitengeneza, maana pengine na wewe una nyanya. Sanduku lina urefu wa futi 2, upana wa futi 1 na kina cha futi 1. Mbao ni za sipresi, za inchi 6 kwa inchi 1. Kila ubavu mrefu una mbao mbili, kila ubavu mfupi mbili, na chini mbili. Ukijumlisha ni futi 16, na mabanzi hayaji na urefu mmoja, kwa hivyo chagua marefu kwanza kwa zile mbavu ndefu, ndipo mafupi yapate kazi. Miguu ni minne, ya mkaratusi wa inchi 2 kwa 2, kila mmoja sentimita 70.

Siri kubwa iko kwenye miguu. Miguu hiyo haipigiliwi chini ya sanduku. Husimama ndani ya pembe zake kuanzia ukingo wa juu hadi ardhini, na mbao za ubavuni hupigiliwa juu yake kutoka nje. Fundi alinionyesha sababu. Msumari ukiupigilia kwenye kichwa cha ubao, pale uzi wa mti unapoishia, haushiki, unang'oka kama jino la mtoto. Ukiupigilia kukata uzi wa mti, unashika. Na udongo wenye maji una nguvu ya kusukuma nje. Sanduku la ukubwa huu hubeba karibu madebe matatu, na ukishalinyweshea uzito wake hupita kilo 70. Pembe dhaifu hufunguka siku ya mvua ya kwanza.

Mkaratusi una kiburi, hupasuka ukipigwa msumari ovyo. Dawa yake ni kuigonga ncha ya msumari kwanza ipoteze makali. Msumari butu huponda njia yake, msumari mkali hupasua. Kwa mbao za chini nilitoboa mashimo kwa keekee ya fundi na kuacha mwanya wa unene wa penseli katikati, maji yapate kutoka. Nilitumia robo kilo ya misumari mipya ya inchi mbili na mingine ya zamani niliyoinyoosha juu ya jiwe. Msasa sikununua. Nilitumia randa ya fundi kwenye ukingo wa juu tu, ili mikono ya nyanya isichomwe na vibanzi.

Sanduku lilikamilika Jumamosi ya pili saa kumi na moja jioni. Nililibeba kichwani kutoka Kebirigo hadi nyumbani na kuliweka mbele ya mlango wa nyanya. Akatoka. Akalitazama, akalizunguka, akalitazama tena.

"Mume wangu," alisema (huniita hivyo kwa kuwa nina jina la babu), "hili jeneza ni la nani?"

"Si jeneza, nyanya. Ni la chinsaga."

"Sanduku tupu mlangoni kwa kikongwe! Watu watauliza kama mmechoka kunisubiri."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Nilibaki nimesimama pale kama mlingoti. Mama alikuwa ameyasikia yote kutoka jikoni. Usiku huo alisema, bila ubaya wowote, "Kama halitaki, jiko langu halichagui." Siku mbili sanduku lilikaa pale pale, na kila nikitoka shuleni niliangalia kwanza kama bado lina miguu minne.

Siku ya tatu niliketi na nyanya, nikamuuliza swali ambalo hata mwalimu wa kilimo hakuwa amelijibu: chinsaga inapenda udongo gani hasa? Nyanya hawezi kuulizwa habari za shamba akanyamaza. Alianza pole pole, kisha akapamba moto. Si udongo wa bondeni, huo una maji. Si wa chini ya mikaratusi, huo umenyonywa. "Chinsaga inapenda mahali ambapo ng'ombe walilala," alisema. "Kama pale kwa mwanangu." Akasita. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja baba mdogo tangu mipaka ipimwe.

Nilimkuta baba mdogo akishusha kikapu cha chai.

"Baba mdogo, nyanya anataka udongo. Madebe mawili, kutoka pale palipokuwa zizi."

"Nani amesema?"

"Ni yeye mwenyewe. Alisema pale kwa mwanangu."

"Alisema hivyo? Mwanangu?"

"Ndiyo."

Hakujibu neno. Lakini asubuhi ya Jumamosi tulisikia wilbaro likigugurika uani. Alikuwa amechimba katikati ya mistari ya chai, udongo mweusi, mwororo, uliojaa minyoo. Akaumimina ndani ya sanduku mwenyewe. Mimi nilikuwa nimetandika gunia kuukuu ili udongo usitoroke kwenye mianya. Tukaongeza debe moja la samadi iliyoiva, tukachanganya kwa mikono. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kigoda akituelekeza, huku mara "ponda hilo bonge", mara "wacha hiyo minyoo, ni watu wangu hao." Sanduku lilipojaa aliweka mkono wake ndani hadi kwenye kifundo, akautuliza pale kwa muda. Kisha akamwambia baba mdogo, "Chai iko tayari." Baba mdogo alikunywa vikombe viwili. Habari ya mipaka haikuguswa. Ardhi haikurudi, na haitarudi, hilo kila mmoja alilijua. Lakini madebe mawili yalikuwa yamerudi.

Mbegu nyanya alizifungua kutoka kwenye pindo la leso. Ni ndogo na nyeusi, kwa hivyo alizichanganya na mchanga mkavu zisianguke mahali pamoja, akazinyunyiza, akazifunika kwa udongo mwembamba na kuzigandamiza kwa kiganja. Ilikuwa Aprili, mvua ya masika. Siku ya sita ziliota.

Wiki ya tatu ikanyesha mvua ya mawe, ile ambayo wakulima wa chai huiogopa kama simba. Ilikuwa saa nane mchana, nami nilikuwa darasani nikisikiliza mabati yakipigwa, sisikii mwalimu wala kitabu. Nilipofika nyumbani nilikuta gunia limetandazwa juu ya sanduku na kufungwa kwa kamba pembe zote nne. Nyanya alikuwa amelifunga peke yake. Kwa kile kipande cha mtoni angefanya nini?

Wiki ya sita alichuma. Alikata vichwa kabla havijachanua, kwani chinsaga ikikatwa kichwa huchipua matawi, na ikiachwa ichanue hugeuka kuwa mti wa mbegu. Tulikuwa tumeshaweka maziwa tayari. Lakini fungu la kwanza alilifunga katika jani la mgomba, akanituma nilipeleke nyumbani kwa baba mdogo. Mama alinung'unika kidogo. Sisi tulikula la pili, siku nne baadaye.

Wapo wanafunzi wenzangu walionicheka, ati mvulana wa kidato cha tatu analima chinsaga, kazi ya wanawake. Ndugu zanguni, sisi tutakaogawiwa robo ekari, au tusigawiwe kabisa, hatuna muda wa kuuliza mboga ni ya mwanamke ama ya mwanamume. Tuulize kama itatosha. Sanduku moja halilishi familia. La nyanya linatoa mboga ya jioni moja, au mbili kwa wiki. Lakini limempa mtu kazi ya kuamkia, na hiyo haiuzwi sokoni Kebirigo.

Hesabu yangu ni hii: shilingi 50 za misumari, Jumamosi mbili za kufagia, na mzigo mmoja wa matawi ya chai ambao mama alishauchoma zamani. Anayetaka kujaribu aniulize wakati wa mapumziko, nitamchorea vipimo. Juma lililopita niliagizwa sanduku la pili. Aliyeagiza ni baba mdogo, na mbao ameahidi kuleta mwenyewe.